Ribosomu katika Tumbaku ya Baba

Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kusaga majani ya tumbaku. Sikuyasaga ili yavutwe wala yanuswe. Niliyasaga kwenye kinu kidogo cha kauri kilichozungushiwa barafu, katika maabara ya chuo kilicho mbali na kwetu, nikiwa ndani ya koti jeupe lililonizidi mikono. Baba, aliyenisomesha kwa tumbaku ya Ushetu tangu darasa la kwanza, aliposikia kwamba nimefika chuo kikuu nikapewa tumbaku nisage, aliuliza kwenye simu, "Kwani huko hawana mashine?"

Nikamweleza kwamba natafuta ribosomu.

"Libosomu," akarudia, kwa ulimi wa Kisukuma ambao haujawahi kupatana na herufi r. "Ni wadudu hao?"

"Si wadudu, baba. Ni vitu vidogo sana ndani ya jani. Ni kama mafundi."

"Mafundi wa nini?"

"Wa kutengeneza protini."

Akafikiri. "Haya," akasema. "Wasalimie."

Tangu siku hiyo kila alipopiga simu aliniuliza habari za masomo, za afya, na za hao mafundi. Nilimjibu kwamba hawajambo, ingawa kwa kweli walikuwa wagonjwa, na ugonjwa wao ndio uliokuwa unanipa shahada.

Nilichokuwa nakifanya ni rahisi kukisema. Kuna kirusi kinachoyapa majani ya tumbaku mabaka ya njano na kijani. Kirusi hicho hakina ribosomu hata moja. Kinaingia kwenye seli ya jani kikiwa na maagizo yake tu, kinazikuta ribosomu za mwenye nyumba ziko kazini, kinaziwekea maagizo hayo mbele, nazo zinaanza kutengeneza virusi. Sasa jani lina makundi mawili ya ribosomu. Kundi moja limetapakaa kwenye ute wa seli. Kundi la pili liko ndani ya vijumba vya kijani, vile vinavyonasa mwanga wa jua na kulilisha jani. Mimi nilikuwa nasaga jani zima na jani gonjwa, nachuja, nazungusha maji yake kwa mashine yenye kasi ya kutisha, kisha naangalia mchoro unaotoka. Jani zima lilichora vilima viwili. Jani gonjwa lilichora kilima kimoja kilichosimama vizuri na kingine kilichobonyea kama kichuguu kilichonyeshewa. Kilichobonyea kilikuwa kile cha vijumba vya kijani.

Maana yake ni kwamba jani lenye ugonjwa, ambalo ukilitazama unadhani limechoka, ndani yake mafundi wako kazini kutwa kucha. Kazi tu si yao, na jikoni hakuna anayepika. Nililipenda sana jambo hilo. Nililieleza kwa wenzangu wakati wa chakula mpaka wakaanza kuhama meza.

Mlangoni mwa ile maabara palikuwa na tangazo: KIFAA CHOCHOTE KILICHOGUSA JANI GONJWA KISITOKE HUMU. Tangazo hilo niliandika mimi, kwa sababu msimamizi wangu alisema nina mwandiko mzuri.

Mvua za kwanza zilipokaribia nikaruhusiwa kwenda nyumbani kuandika tasnifu. Nikapanda basi mpaka Kahama, kisha pikipiki mpaka kijijini kwetu, ng'ambo ya Nyamilangano. Nilibeba kompyuta, makaratasi yenye vilima vyangu, na kimkoba cha kalamu. Ndani ya kimkoba, katikati ya kalamu, kulikuwa na kisu kidogo cha kukunja nilichokuwa nakatia sampuli. Sikukiiba. Nilikizoea tu, kama mtu anavyozoea kijiko chake.

Nilifika wakati wa kuhamishia miche shambani. Kazi hiyo tuliifanya watu wanne: baba, mama, mimi, na bibi jirani yetu. Bibi huyu alikuwa mjane aliyeishi peke yake, nyumba ya pili kutoka kwetu. Si ndugu yetu wa damu, lakini mama alipougua nikiwa mchanga, ndiye aliyenibeba mgongoni msimu mzima. Mpaka leo ananiita ng'wana wane, yaani mwanangu, hata akiwa ananigombeza. Yeye husaidia kupanda kwetu, na baba humlimia kwa jembe la ng'ombe. Alikuwa na macho mekundu ya moshi wa kuni, kama wanawake wengi wa umri wake, na alikuwa mnusaji wa ugoro. Ugoro wake ulikaa kwenye kikopo cha rangi ya viatu, na kikopo kilikaa kwenye fundo la kanga.

Asubuhi ile nilitaka elimu yangu ionekane. Nikatoa kisu changu, nikamweleza baba kwamba mche ukipunguzwa ncha za majani kabla ya kupandwa haupotezi maji mengi, hivyo haunyauki. Hilo ni kweli, limo vitabuni. Nikaketi na beseni la miche, nikaanza kukata ncha moja baada ya nyingine, haraka haraka, kama kinyozi wa mnadani.

Baba alisimama akinitazama kwa fahari. "Mnaona?" akamwambia mama. "Hicho ndicho chuo kikuu."

Bibi alinitazama pia. "Mche unakatwa masikio kabla haujaanza kusikia," akasema. Kisha akavuta beseni lake kando. "Hii yangu niachie na masikio yake."

Nikacheka. Nikamwachia. Yeye akapanda matuta ya chini, upande wa kichuguu kikubwa, kwa miche yenye masikio. Mimi na baba tukapanda matuta ya juu, upande wa barabara, kwa miche iliyosomeshwa.

Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa uani naandika sura ya tatu, ile yenye vilima, niliposikia baba akiniita kutoka shambani. "Daktari wa majani! Njoo huku!"

Nilikwenda mbio. Baba alikuwa amechuchumaa kwenye matuta ya juu, ameshika jani changa kwa vidole viwili. Lilikuwa na mabaka, njano na kijani, njano na kijani, na uso wake umekunjamana kidogo. Mche wa jirani hivyo hivyo. Na wa pili, na wa tatu, mpaka barabarani.

Sijivunii ninachokisema sasa, lakini jambo la kwanza nililosikia moyoni lilikuwa furaha. Ugonjwa huo nilikuwa nimeuona kwenye vyungu tu, nyuma ya vioo. Sikuwahi kuuona umesimama shambani, juani, kwa wingi namna ile. Nikatoa simu nikaanza kupiga picha. Nilipiga picha nyingi kabla sijaona kwamba baba bado amechuchumaa.

"Unaujua?" akauliza.

"Naujua vizuri sana, baba. Ndio huo ninaousomea."

Uso wake ukafunguka. "Mungu ni mkubwa. Sasa dawa yake?"

"Hauna dawa."

Akasubiri, akidhani nitaendelea. Nikaendelea kweli. Nikamweleza jinsi kirusi kinavyoingia, jinsi ribosomu zinavyopokea maagizo, jinsi zile za vijumba vya kijani zinavyopungua. Nilichora vilima viwili kwenye udongo kwa kijiti. Baba alivitazama vile vilima kwa heshima, kama mtu anayeangalia kaburi la mgeni.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "umesoma ili ujue jani linavyokufa."

"Halifi, baba. Kwa ndani linafanya kazi sana."

Nadhani hilo lilimuumiza kuliko kama ningemwambia limekufa. Akasimama, akapangusa magoti, akaenda zizini.

Aliyenisaidia kumweleza ni mjomba, mdogo wake mama, aliyekuwa amekuja kututazama akitokea kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Mjomba ana karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Alisikiliza maelezo yangu yote akiwa anakula, kisha akamgeukia baba.

"Shemeji, ni hivi. Mimi nina karasha langu, linasaga mawe yangu. Usiku sipo, wanakuja watu na mawe yao. Karasha linauliza mawe ni ya nani?"

"Haliulizi," akasema baba.

"Linasaga. Asubuhi nakuta mafuta yamekwisha, vyuma vimelika, na mchanga wote wameshaondoka nao. Mashine imefanya kazi kuliko siku zote, mimi sina kitu. Ndicho anachosema mtoto."

Baba akageuka akanitazama. "Ndicho unachosema?"

"Ndicho hicho, baba."

"Sasa mbona hukusema?"

Miaka miwili ya kusaga, na maneno yaliyokuwa yanakosekana yalikuwa kinywani mwa mjomba, katikati ya ugali na samaki wa mgebuka. Lakini kuelewa kulimletea baba swali jingine, ambalo ni swali la mtu yeyote aliyesagiwa mawe ya wengine. Alitaka kujua ni nani aliyewafungulia mlango.

Aliliuliza Jumapili, baada ya misa, uani kwetu, mbele ya kile kikundi cha majirani tunaolimiana. Walikuwa watu kama kumi, pamoja na bibi. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kusema maneno yao, kwamba shamba la mtu haligeuki rangi hivi hivi, kwamba liko jicho. Baba hakuyapenda maneno hayo. Alikuwa na binti wa chuo kikuu, na alitaka jibu la chuo kikuu.

"Waeleze," akaniambia. "Huo ugonjwa unaingiaje shambani?"

Nikasimama. Nilitaka kuwaondoa kwenye mambo ya jicho, na nia yangu ilikuwa safi kama maji ya kuchemsha. Nikawaambia kwamba hakuna uchawi. Ugonjwa huu unabebwa kwa mikono. Kirusi chake ni sugu, kinaweza kukaa kwenye jani lililokauka muda mrefu sana, hata kwenye sigara, hata kwenye ugoro. Mtu akinusa ugoro uliotoka kwenye tumbaku yenye ugonjwa, kisha akashika mche, anaweza kuupa.

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nilipomaliza kusema "ugoro" niliona vichwa vinageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea mahali pamoja.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka na kikopo chake mkononi. Alikuwa amekwisha kukifungua. Akakiangalia, akarudisha kifuniko taratibu, akakibonyeza mpaka kikalia, akakifunga kwenye fundo la kanga. Na mimi, niliyekuwa na nafasi ya kusema kwamba hilo ni jambo moja tu kati ya mengi, nilikaa chini. Niliona nimeeleweka.

Wiki mbili zilizofuata zilinifundisha kasi ya elimu inaposambaa. Kikundi kilipokwenda kupalilia kwa mtu mwingine, bibi hakuitwa. Mtoto wa jirani aliyekuwa akimchotea maji aliambiwa apumzike. Mwanamke mmoja kisimani akasema mbele ya mama kwamba macho yale mekundu yeye aliyaona siku nyingi, ila alikuwa anangoja wasomi wathibitishe. Kwetu sisi, ambako macho mekundu huhesabiwa alama ya uchawi, hakuna asiyejua maneno hayo yamewafikisha wapi akina mama wazee. Nilikuwa nimetaka kuwatoa watu kwenye uchawi, kumbe nimewaletea uchawi wenye cheti.

Mama aliposikia yale ya kisimani alirudi nyumbani, akaweka ndoo chini, akaniita twende shambani. Mama ni mtu wa maneno machache; aliishia darasa la saba. Tukaanza upande wa barabara.

"Hapa alipanda nani?" akauliza.

"Mimi na baba."

Tukashuka. Mabaka yalikuwa yamejaa, tuta baada ya tuta. Katikati, alikopanda mama, palikuwa na mchanganyiko: mche mmoja una mabaka, miwili haina.

"Hapa nilipanda mimi. Nilichukua kwenye beseni lako, likaisha, nikachukua kwenye la bibi yako."

Tukafika kwenye kichuguu. Matuta ya chini yalikuwa ya kijani tupu, majani mapana yametandaza mikono. Nilitafuta baka hata moja. Nilitafuta kwa kupiga magoti, na nikatamani kuliona, Mungu anisamehe.

"Na hapa?" akauliza mama.

Akajibu mwenyewe. "Hapa alipanda mwenye ugoro. Miche yenye masikio."

Nikaona beseni. Nikaona kisu. Nikaona, kwa mwandiko mzuri, herufi kubwa, tangazo la mlangoni. Kirusi kile hakikuja na ugoro wa mtu yeyote. Kilipanda basi na mimi, kikakaa kwenye kimkoba cha kalamu, kikashuka Kahama, kikapanda pikipiki, nami nikakigawa mche kwa mche kwa mkono wangu, huku baba akisimama pembeni na kusema hicho ndicho chuo kikuu. Katika wilaya nzima pengine nilikuwa mtu pekee aliyejua namna ugonjwa ule unavyoingia kwenye seli, na mimi ndiye niliyeuingiza.

Nililia pale kwenye kichuguu. Mama aliniacha nilie mpaka nikanyamaza.

"Nitakwenda kwake nimwombe radhi," nikasema.

"Ulisemea wapi?"

"Uani."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wote."

"Basi kwa watu wote," akasema mama. "Jumapili nitapika matobolwa."

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Mama aliyapika sufuria kubwa na karanga, akaita kikundi kile kile. Bibi alikataa kuja. Mama akamfuata mwenyewe, akarudi naye, wameshikana mikono. Baba nilikuwa nimemwambia siku iliyotangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kile kisu kiko wapi, nikamwonyesha, akakitazama bila kukigusa. Kisha akasema, "Ungesomea ualimu," akaondoka.

Nikasimama uani mahali pale pale. Safari hii sikuweza kuutengeneza mwili usimame kisomi. Nikasema kwamba ugonjwa niliuleta mimi, kwa kisu changu, kutoka chuoni. Nikasema kwamba bibi miche yake ni mizima yote, na asiyeamini aende kwenye kichuguu akaone. Nikasema nilimsingizia mtu aliyenibeba mgongoni. Halafu nikapiga magoti mbele yake.

Kuku walikuwa wanadonoa maganda ya karanga.

"Kwa hiyo mimi si mchawi," bibi akasema.

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kutafuta pa kutokea.

"Hukuwa, bibi," nikasema.

"Wiki mbili nilikuwa." Hakucheka. "Hicho kitu chako cha kwenye kisu, kinaonekana kwa macho?"

"Hakionekani."

"Ndiyo maana mliweza kunipa mimi."

Yule mwanamke wa kisimani akaangalia miguu yake. Bibi akanyoosha mkono akanigusa kichwani, si kwa kubembeleza sana, kama mtu anayepima boga kama limeiva. "Simama, ng'wana wane. Utachafua gauni."

Kesho yake baba aling'oa matuta yote ya juu. Niliomba kumsaidia, akaniambia nisiguse kitu. Alikuwa amenielewa, hatimaye. Aliirundika miche mbali na shamba akaichoma, na mimi nilisimama barabarani na mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa sukari, nikitazama sura yangu ya tatu inaungua.

Ikabaki sehemu ya chini na ya katikati. Wakati wa kukata maua na kuondoa machipukizi ulikuwa unakuja, kazi ambayo mikono inapita kila mche, na mche mmoja mgonjwa uliojificha ungeweza kumaliza shamba. Nikawaeleza, kwa sauti ya chini sana, kwamba kuna njia. Watu wanawe kwa sabuni, kisha wachovye mikono kwenye maziwa, na warudie kila baada ya mistari michache. Protini za maziwa hukifunika kirusi kisipate pa kuingilia.

Baba ni mfugaji kabla ya kuwa mkulima. "Ng'ombe wangu wakamuliwe," akasema, "watu wanawe."

"Yanapunguza sana, baba. Hayaponyi, ila yanazuia."

"Ndama atakunywa nini?"

"Mjaribu," akasema bibi kutoka upande wa jiko. "Mbona kukata masikio mlijaribu?"

Ikawa hivyo. Na aliyesimamia ndoo ya maziwa ni yeye. Alikaa kwenye kigoda mwanzo wa shamba, sabuni kulia, maji kushoto, maziwa katikati, na hakupita mtu. Baba alinawa. Mama alinawa. Nilipofika mimi akanipitisha kwenye sabuni, maji na maziwa, akatazama kucha zangu, akasema, "Wewe rudia." Nikarudia. "Tena." Nadhani nilinawa mara tatu kila mzunguko, kwa msimu mzima, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Yeye mwenyewe alinawa pia, na ugoro wake aliuacha nyumbani, jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye.

Habari zikatoka. Lakini habari haikutoka kwamba kuna kirusi kinachobebwa kwa mikono. Ilitoka kwamba binti wa fulani amerudi na dawa, na kwamba inatumika kwa mkono wa mama mzee. Wakulima wawili wakaja kujifunza, wakaondoka wameshika utaratibu wote bila kosa, pamoja na kigoda, na mmoja akauliza kama lazima awe mjane. Siku moja akaja kijana na pikipiki kutoka Kagongwa. Hakuwa na tumbaku hata jani moja. Alikuwa mchimbaji, duara lao, yaani shimo la kuchimbia, halijatoa dhahabu muda mrefu, na amesikia kuna maziwa ya kusafisha mikono yenye mikosi. Nilianza kumweleza kuhusu protini. Bibi akanikatiza.

"Nawa," akamwambia yule kijana. "Hayadhuru."

Akanawa kwa unyenyekevu mkubwa, akaondoka na mikono ameinyoosha mbele isiguse kitu, mpaka akakumbuka kwamba lazima ashike usukani.

Shamba la chini lilisalimika. La katikati lilipoteza miche kadhaa, tukaing'oa mapema. Mavuno hayakuwa ya kujisifu, lakini siku ya soko yule mteuzi, mtu anayepanga tumbaku kwa madaraja, alifungua robota la majani ya upande wa kichuguu akalinusa, akalirudia, akamuuliza baba amefanyaje mwaka huu. Baba akamwambia, "Tumenawa."

Mimi nilirudi chuoni. Nilimweleza msimamizi wangu kila kitu. Alicheka mpaka nilipofika kwenye sehemu ya bibi, hapo akaacha. Akanitaka niandike tangazo jipya, kubwa zaidi. Kwenye utetezi wa tasnifu, mmoja wa watahini aliuliza kama matokeo haya ya ribosomu yanamhusu mkulima kwa namna yoyote. Nikasema ndiyo, yanamhusu. Hakuniuliza ni yupi.

Sasa nafanya kazi ya ushauri wa kilimo, nazunguka kati ya Ushetu na Chato, na kwetu napita mara kwa mara. Mara ya mwisho nilikuta baba ana wageni, akina baba wawili wa kutoka Bukombe waliokuja kununua ndama. Alikuwa anawasimulia.

"Binti yangu huyu," akasema, akinionyesha kwa kidole, "ndiye aliyeugundua ule ugonjwa wa mabaka hapa kwetu. Kabla yake hakuna aliyekuwa anaujua."

Wageni wakanitazama kwa heshima. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba. Mama akainamia sufuria. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, kikopo mkononi, ameshika ugoro kidogo kati ya vidole viwili.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Kabla yake haukuwapo."

Baba akatikisa kichwa kwa kukubali, akaendelea na habari za libosomu, ambazo siku hizi anazieleza vizuri kuliko mimi. Nikaenda kunawa mikono, nikarudi kuwamiminia wageni chai.